Tuliosoma Vitabu vya Ngumi kwenye Lori la Mgeta

Nilianza kupenda vitabu vya mauaji nikiwa kiwandani. Kilikuwa kiwanda cha nguo, mali ya serikali, na mashine za kufuma zilipiga kelele mpaka tukazoea kuzungumza kwa midomo na mikono. Saa ya chakula wenzangu walisukana nywele au walisinzia juu ya majora. Mimi nilikaa nyuma ya bohari na kitabu chembamba, jaladani bastola na mwanamke aliyepiga magoti, karatasi za ndani zimekuwa rangi ya ugali wa dona. Nilivinunua kwa mzee mmoja aliyetandaza turubai karibu na stendi. Vingine vilikuwa vimekatika kurasa za mwisho, na hapo mzee alinisimulia mwisho kwa mdomo. Nadhani mara nyingi aliubuni.

Mpelelezi wa vitabu vile, hata akibadilishwa jina, alikuwa mtu yule yule. Anaishi peke yake, anavuta sigara, hacheki, hamwamini mtu. Anaingia baa, majambazi wanamzunguka, anamvunja huyu taya, anamvunja yule goti, anamalizia kinywaji chake na kuondoka. Nilipenda ngumi. Nilipenda meno yakitoka. Lakini kuliko ngumi nilipenda kwamba yule mtu hakuwa na ndugu. Mimi nilikuwa nimeolewa katika nyumba iliyojaa mawifi na mashemeji, na hapakupita wiki bila mgonjwa wa kuletwa kutoka Kilosa au msiba wa kupikia. Yeye hakuna aliyemtuma popote. Hakuna aliyemwuliza mbona hakuonekana arobaini.

Mama mkwe hakunielewa. "Mwanamke mzima unasoma watu wanavyochinjana," alikuwa akisema. "Ungekuwa unashika msahafu hivyo, si tungekuwa mbali?"

Kisha biashara zikafunguliwa. Mitumba ikajaa sokoni, vitenge vyetu vikakosa wanunuzi, mashine zikazimwa moja baada ya nyingine. Wakapunguzwa kwanza watu wa idara ya rangi, tukafuata sisi wa kufuma. Mume wangu akaenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya miwa. Mimi nikaingia kwenye mboga. Nilipanda milimani Mgeta kununua kabichi, karoti na njegere kwa wakulima, nikashuka nazo mjini kwa lori la kukodi.

Dereva wa lori lile alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mwembamba, mpole kiasi kwamba mbuzi akisimama barabarani alizima gari akamsubiri. Siku ya kwanza niliyokaa naye mbele niliona kitabu kimechomekwa pembeni ya kioo. Nikakichomoa.

"Hiki nimesoma," nikamwambia. "Anakufa yule daktari."

"Dada!" akapiga kelele. "Mimi niko katikati! Umeniua!"

Toka hapo tukawa tunabadilishana. Wakati wa kupakia alisoma akiwa ameegemea tairi, na tulipoteremka tulisimuliana mapigano kana kwamba tuliyaona kwa macho. Alipofika mahali pa ngumi alipiga usukani. Mimi nilimpenda yule mpelelezi kwa kukosa ndugu, yeye alimpenda kwa kukosa bosi. "Hana wa kumwuliza mafuta yamekwenda wapi," alisema. "Anaamka, anampiga anayestahili kupigwa, basi."

Siku zile hata mjini watu walipigwa. Kazi zilikuwa zimekwisha na wizi umezidi, na mwizi akishikwa polisi walichelewa kuliko mawe. Nilimwona mmoja nyuma ya soko, ameshikwa na redio ya watu, akipigwa na wauza samaki, mafundi viatu, hata wanafunzi waliokuwa wakipita na sare zao. Walimpiga mpaka uso ukakosa mahali pa macho. Nilisimama kidogo, nikaenda nyumbani, nikasoma kitabu changu. Kitabuni damu ilikuwa na sababu na watu walikufa kwa zamu. Nilikiona kisafi.

Asubuhi tuliyovamiwa kulikuwa na ukungu. Utingo alikuwa kwao ana homa, kwa hiyo tulikuwa wawili tu ndani ya lori na kabichi nyuma. Tulipopita kona moja ya chini tukakuta gogo limelazwa barabarani. Dereva akasimama. Kabla hajatia gia ya kurudi nyuma, mtu akatokea upande wake na gobole, bunduki ya kienyeji ya bomba, amejifunga tambara usoni. Wa pili, naye amejifunga tambara, akafungua mlango wangu akiwa na panga.

"Shukeni! Pesa!"

Tukashuka, dereva akisukumwa kwa bomba la gobole mpaka upande wangu. Nikamwambia yule wa panga kwamba pesa nimewaachia wakulima, na ilikuwa kweli. Akanipiga kofi la kifua, nikaanguka kwenye ngazi ya lori. Hapo dereva wangu, yule aliyewasubiri mbuzi, akafanya kitu tulichokuwa tumekisoma pamoja mara nyingi. Akalishika bomba la gobole kwa mkono wa kulia akalisukuma juu.

Kitabuni mwenye bunduki angevunjwa mkono, na wa pili angetazama akisubiri zamu yake. Yule wa panga hakusubiri. Gobole lililipuka hewani, mlio ukazunguka milima yote, na panga likashuka kwenye mkono wa kushoto wa dereva, chini kidogo ya kiwiko. Niliusikia mfupa. Dereva hakupiga ukelele. Aliutazama mkono wake kwa mshangao, kama mtu aliyeitwa na asiyemfahamu, kisha akakaa chini.

Panga likainuliwa tena. Chini ya kiti changu palikuwa na spana ya magurudumu, chuma kirefu cha kufungulia tairi. Sikumbuki kuinyoosha mikono kuichukua. Nakumbuka uzito wake, na kwamba nilipiga kwa mikono miwili kama ninayepasua kuni. Ilimpata juu ya sikio. Mlio wake ulikuwa mdogo, wa kibuyu kikipasuka. Akaanguka kifudifudi na panga likateleza chini ya lori. Mwenye gobole, ambalo likishapiga mara moja halina kazi mpaka lishindiliwe upya, akaruka ukingo wa barabara akatokomea matutani.

Nilikuwa nimesimama, na nilichokisikia mwilini kilikuwa furaha. Ilikuwa furaha kali, ya kutaka kupiga tena. Sijawahi kuisoma ikiandikwa sawasawa.

Mlio wa gobole ulikuwa umewaita wakulima. Walishuka kwenye vijia vyao vya mteremko na majembe na nyengo za kufyekea, wanaume kwa wanawake, wengine bado na udongo magotini. Hawakuuliza mengi. Walimwona dereva na damu yake, wakaliona panga, wakamwona aliyelala. Mwezi uliopita mchuuzi mwenzetu alikuwa ameuawa barabara hiyohiyo. Wakaanza. Mpini wa jembe ulimpata mgongoni, wa pili mbavuni, na mtu mmoja alikuwa akimkanyaga vidole, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama anayefanya kazi aliyopewa.

Mimi nilikuwa nimemfunga dereva mkono kwa kitenge changu, nakaza kwa meno. Kwa mapigo yale tambara lilimtoka yule mtu usoni. Akanitazama.

"Dada," akasema. "Dada, unanijua. Mimi wa idara ya rangi."

Nilimjua. Alikuwa akisukuma kigari cha vitambaa vilivyolowa, akitupita getini jioni anatutania kwa mikono yake ya buluu. Sikuwahi kujua anakaa wapi.

"Mwacheni!" nikapiga kelele. "Namjua! Mwacheni!"

Mwanamume mmoja akanigeukia na jembe. "Unamjua? Basi na wewe ni mwenzake?"

Nikanyamaza. Nilikuwa na spana yenye damu miguuni, na bado nikanyamaza, maana jembe lile lilikuwa limeshainuliwa. Aliyeingia kati ni bibi kizee mmoja aliyekuwa na mzigo wa majani ya mbuzi kichwani. Aliuweka mzigo pembeni kwa utaratibu, akapenya katikati ya wanaume, akaketi chini barabarani, akakichukua kichwa cha yule mtu akakipakata. Akakifunika kwa upande wa khanga yake.

"Bibi, toka hapo!"

"Sitoki."

"Bibi, huyo ni muuaji!"

"Nimesikia," akasema, kwa lafudhi yake ya milimani. "Nipigeni na mimi. Halafu Jumapili mkamweleze padri mlivyofanya. Mimi sitakuwepo kuwasemea."

Mipini ikabaki juu. Mtu mmoja akatema mate. Mwingine akashusha jembe, na baada yake wengine, si kwa huruma, nadhani kwa aibu tu. Dereva akasema kwa sauti ya chini kwamba kama wamemaliza, yeye angependa kufika hospitali.

Gogo likaondolewa. Yule mtu wakampakia juu ya kabichi, na vijana wawili wakapanda kumlinda. Bibi naye akataka kupandishwa. Wakamnyanyua kama gunia, akakaa, akakipakata kichwa tena.

Hapakuwa na mtu mwingine anayejua gari. Dereva akashika usukani kwa mkono wa kulia, na gia nikazibadilisha mimi kutoka kwenye kiti changu. Sikuwahi kugusa gia maishani.

"Sasa," alisema, akikanyaga klachi. "Mbili. Vuta kwako, nyuma. Kwa nguvu, dada, haliumi."

Gia ikalia kama nguruwe, ikaingia. Tukashuka milima namna hiyo. Damu ilipita kwenye kitenge ikadondoka kwenye mkono wangu, na mkono ukawa unateleza kwenye rungu la gia. Kwenye miteremko mikali nilimwona akifumba macho, nikampigia kelele, akafumbua. "Nisimulie kitu," akaniambia, "nisilale." Sikuwa na la kusimulia isipokuwa vitabu. Nikaanza kimoja, nikafika penye ngumi, nikashindwa. Nikamsimulia jinsi mama mkwe anavyopika bada, ule ugali wa muhogo, hatua kwa hatua, mpaka tukaiona barabara ya lami.

Hospitalini wakamchukua dereva kwa kiti cha magurudumu. Nikazunguka nyuma ya lori. Vijana walikuwa wameshuka, wanatazama miguu yao. Bibi alikuwa amekaa vilevile, khanga imekauka kwa damu.

"Shikamoo, bibi," nikasema, maana sikujua niseme nini.

"Marahaba, mwanangu. Huyu ameshakwenda. Toka tulipopita Mlali."

"Mbona hukugonga kwenye kabini?"

"Ningegonga mngesimama," akasema. "Na wenu yule bado alikuwa anavuja."

Polisi akaja na kalamu. Akauliza nani alimpiga marehemu. Nikafungua mdomo nimweleze habari ya spana, lakini alikuwa ameshaanza kuandika huku akijisomea kwa sauti: ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Nikamwambia na mimi nilimpiga, mwanzo kabisa, kichwani. Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akatazama kitenge kisichokuwepo kiunoni na damu iliyokuwepo. "Dada," akasema, "wewe ulijitetea. Nenda kaoge." Mpaka leo sijui ni pigo la nani lililomwua. Daktari hakutafuta, na hakuna aliyemwomba atafute.

Mwenye lori, kwa kodi aliyokuwa akinidai, aliagiza kabichi zangu zioshwe, zikapelekwa sokoni. Mimi sikushiriki kuziuza.

Kwa wiki kadhaa sikushika kitabu. Nikishika, nilisikia ule mlio wa kibuyu. Lakini kila nilipokwenda kumwona dereva wodini alinidai kitabu. Mkono ulikuwa umeunganishwa, vidole viwili havikuwa na habari, na alikuwa amechoka kutazama dari. Basi siku moja mchana nikamchukulia kipya kutoka kwa mzee wa stendi. Kwa kuwa hakuweza kukishika vizuri, nikamsomea.

Nilisoma kwa sauti ya chini, ila wodi ilikuwa ndefu na watu hawana kazi. Mgonjwa wa kitanda cha pili akasogeza kichwa. Mwingine aliyefungwa mguu kwa vyuma akamwomba nesi azime redio. Nikafika mahali ambapo mpelelezi anaingia ghalani na kukuta watatu wanamngoja, mmoja ana nondo. Nikasimama.

"Dada, usituishie hapo," akasema yule wa mguu. "Ameinua nondo, ikawaje?"

"Endelea!" wakasema wengine.

Nikamtazama dereva. Alikuwa ameugeuzia uso ukuta, lakini mkono wake mzima uliniashiria niendelee. Nikasoma. Nondo ikashuka, fuvu likapasuka, wodi nzima ikashangilia, na watu waliofungwa bandeji wakapiga makofi kwenye mapaja yao. Nilisoma pigo baada ya pigo na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Nilipomaliza sura ile, dereva alikuwa analia kimyakimya, mabega tu ndiyo yaliyotikisika.

"Nimekuumiza?" nikamwuliza sikioni.

Akatikisa kichwa. "Ulikuwa na spana nzuri, dada," akasema. "Bila hiyo angekuwa ameshaniua yule."

Aliporuhusiwa alirudi Tabora, kwenye nyuki wa baba yake, maana vidole vile havikukunja tena. Mimi niliendelea na mboga, na vitabu ninasoma mpaka leo, vilevile vya watu wapweke wanaovunja mataya. Wanangu wananicheka. Nikifika mahali ambapo mpelelezi anawasha sigara na kuwaacha wamelala sakafuni, huwa nafunga kitabu kidogo, nakaa, ndipo nafungua sura inayofuata.