Maziwa kwenye Gurudumu

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Naogopa mteremko, naogopa ukungu, na zaidi ya yote naogopa gari lililonizidi umri. Basi baba alipofariki alituachia gari la namna hiyo hiyo, na mtu pekee ambaye baba alikuwa amemfundisha kuliendesha ni mimi. Mdogo wangu wa kiume hakuwa na subira na gia zake.

Ni gari dogo la Kiingereza ambalo baba alilinunua kwa meneja mmoja wa shamba la chai aliyekuwa akirudi kwao. Lilitengenezwa huko huko Uingereza, likaja kwa meli likiwa zima, na baba alijivunia jambo hilo kana kwamba alilizaa yeye. Geji yake inasoma maili. Lina hita, na asubuhi za Kericho hita ni rafiki wa kweli. Lakini rejeta ni ndogo na springi ni laini, za watu waliozoea lami. Kwenye mawe ya kwetu linayumba kama mzee aliyetoka kunywa busaa.

Pacha wa gari hilo yuko Chepseon. Umbo ni lile lile na jina ni lile lile, ila huyo alitoka Uingereza akiwa vipande ndani ya masanduku, akaunganishwa Afrika Kusini. Kule walimpa rejeta kubwa, springi ngumu na geji ya kilomita, na hita wakaona haina kazi. Siku hizi hatembei. Amelala nyuma ya ghala la mahindi, kuku wanataga kwenye kiti chake cha nyuma. Kila letu linapokwama, fundi wetu wa Silibwet huenda kumnyofoa kiungo kimoja.

"Hizi ni mapacha, mwalimu," huniambia, maana mimi hufundisha shule. "Ya huku inaingia huku."

Na kweli, mlango uliingia, na taa ziliingia. Nilikuwa nimeanza kumwamini.

Wiki ya koito ya mdogo wangu, silinda ya breki ya gurudumu la nyuma ikafa. Koito si ziara ya chai na mkate. Ndiyo siku wazee wa upande wa kijana wanapokwenda kwa kina binti kuomba rasmi, na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa, hakikosi. Mama alikuwa ameshaapa kwamba ataingia boma la wakwe ndani ya gari la marehemu.

"Baba yenu hayuko," alisema. "Gari yake itaenda."

Nani angebishana naye? Fundi akaenda Chepseon, akarudi na silinda ya pacha.

Nilisimama pale akiifunga, maana mwoga hakai mbali na kitu anachokiogopa. Nati ya bomba letu iliingia kwenye silinda ile kwa vidole tu, kwa ulaini ambao sikuupenda. Wakati wa baba nati za breki zilikuwa na ubishi kidogo.

"Haijalegea?" nikamuuliza.

Akaikaza kwa spana, akapanda, akakanyaga breki. Ilikuwa ngumu kama jiwe. "Ni uoga tu, mwalimu. Hiyo iko nyumbani."

Siku ya safari mama aliombea gari Kikristo kwanza, kisha akaliombea kwa namna ya mama yake. Alichovya majani mabichi kwenye mursik, akazunguka akinyunyiza boneti, milango na magurudumu yote, akisema twende salama turudi salama. Wazee wengine walitangulia na gari la kukodi. Mimi nikabaki kwenye usukani na mama kiti cha nyuma, kibuyu mapajani, na mjomba wangu, kaka yake mkubwa, ambaye tulimchukua njiani.

Hapo tulipomchukua ndipo nilipozunguka nyuma nikaona kitu. Gurudumu lile la silinda mpya lilikuwa na michirizi upande wa ndani, imelowa. Mursik haiwi nyeupe pe, ina majivu ya mti, kwa hiyo rangi ile ya kijivu sikuishangaa. Nilichoshangaa ni kwamba magurudumu mengine yalikuwa yamekauka. Nikachukua kitambaa, nikainama.

"Wacha!" mjomba akanguruma. "Hiyo ni maziwa ya mama yako. Unataka kupanguza baraka na tunaenda kwa watu?"

Nikamtazama mama kupitia kioo. Uso wake ulisema: mtoto gani huyu. Kwetu baraka haifutwi. Hukauka yenyewe. Nikarudisha kitambaa mfukoni, nikaingia garini nikiwa na aibu juu ya woga.

Pedali ya breki ilikuwa imeshuka kidogo. Nikaipiga mara kadhaa, ikapanda. Nikajiambia, ni uoga tu, mwalimu.

Kabla ya kufika kwa wakwe kuna mteremko mrefu, chai kushoto, chai kulia, na chini kabisa daraja jembamba. Ukungu ulikuwa umefunika nusu ya chini. Ulipofunguka kidogo niliona wachumaji chai wanavuka daraja na vikapu vyao mgongoni, wengi, hawana haraka. Nikakanyaga breki.

Pedali ikaenda hadi sakafuni, bila ubishi wowote. Nikakanyaga tena, nikawa kama nakanyaga hewa.

Sijui kuieleza hofu ile. Masikio yaliziba. Ulimi ulikauka hata nikashindwa kuwaambia. Niliwaza kitu kimoja tu: nitamuua mama, kwa gari la baba, siku ya mtoto wake. Nikalazimisha gia ya pili, injini ikalia. Nikavuta breki ya mkono, nyuma ikaanza kucheza, lakini tulikuwa bado tunakimbia, na sasa nilianza kuona rangi za leso za wale wanawake. Mjomba akalitaja jina la Yesu. Nikakata usukani kushoto, nikaliingiza gari kwenye chai.

Michai iligonga, ikakwaruza, ikavunjika chini yetu, kisha ikatushika. Injini ikazima. Kukawa kimya, isipokuwa rejeta ile ndogo iliyokuwa inafoka.

Mama alikuwa amekikumbatia kibuyu. Hakikumwagika hata tone. Ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja.

Nilitambaa hadi kwenye gurudumu, nikalishika. Utelezi. Nikanusa. Hayakuwa maziwa, yalikuwa mafuta ya breki. Bomba lilikuwa limechomoka na nati yake, na breki zote za gari hili hunywa mafuta ya chombo kimoja: bomba moja likivuja, zote zimekufa.

"Umeona?" mama akaniambia. "Yale maziwa yametushika."

Nilipangusa vidole kwenye sketi. "Ndio, mama."

Gari la kukodi lilirudi kutuchukua, na binti tulipewa. Baadaye fundi alivipanga vile vyuma mezani. Waingereza walikata nati yetu kwa inchi, na kule kwa pacha tundu la silinda lilikatwa kwa milimita. Karibu sawa. Inaingia, inakaza, inakudanganya, halafu inaachia. Alitengeneza breki upya kwa vipuri vya inchi.

Asubuhi ya arusi mama alitoka na majani na mursik. Nikajua kinachokuja, nikasimama kando ya gari. Alifika kwenye gari, akasimama. Kisha akauingiza mkono kwenye mfuko wangu, akatoa kitambaa, akanipa.

"Panguza kwanza," alisema. "Gurudumu zote. Uniambie kama iko kavu, ndio ninyunyize."

Nikakikunjua kitambaa.

"Na mimi nilishika ile gurudumu siku ile kwa chai, baada yako," akasema. "Nikalamba kidole. Nilijua si maziwa."

Nikapiga magoti kwenye gurudumu la kwanza. Yeye akasimama nyuma yangu na majani yake, akingoja, na nikasikia mursik ikidondoka chini, tone kwa tone.