Hasi Mbili Nukta Moja

Sikatai kwamba nilibebwa na wanawake watatu juu ya turubai, mchana kweupe, pale ufukweni Kibuyuni, na aliyeshika pembe ya mbele alikuwa shemeji yangu Mwanatumu, ambaye saa moja kabla nilikuwa nimemkataza kuinua gunia. Waliokuwapo wameshaieleza wanavyotaka, basi acha nami niieleze.

Mimi ni fundi saa, Kona ya Musa, na nina daftari nilimoandika vipimo vya kawaida vya mtu mzima mwenye afya, sukari, presha, damu, vyote nimejisomea mwenyewe (shule niliachia darasa la saba, kusoma sikuacha). Jumamosi ile nilikuwa nimemtembelea Mwanatumu, dada ya mke wangu, tukasikia zahanatini imeletwa mashine ya kupima mifupa kwenye kisigino, tukaenda. Karatasi yake ikatoka hasi 0.6, yangu hasi 2.1. Mifupa haikuwamo daftarini mwangu. Nesi akasema, "Ngojeni kidogo niwaeleze," lakini foleni ilikuwa ndefu, maji yameanza kupwa, na mwani wa Mwanatumu ulikuwa umekomaa kwenye kamba, usipovunwa bamvua ile, siku chache maji yanapokupwa sana, mawimbi yataukata. Nikamwambia nesi asijisumbue, nitasoma mwenyewe.

Njiani nikapiga hesabu. Alama ya kutoa iko kwangu na iko kwake, kwa hivyo zinafutana (niliridhika sana na hatua hiyo), zinabaki 2.1 na 0.6.

"Shemeji," nikasema, "mifupa yangu ni mara tatu na nusu ya yako. Ukiinua gunia leo utavunjika."

"Mimi? Mwani nabeba tangu sijaolewa!"

"Namba ndizo hizo."

Akauliza polepole, "Na wanangu watakula nini?" Mumewe alishafariki, na mwani ndio kazi yake. Nikaona si uungwana kumtia hofu nikamwacha hivyo, nikakunja suruali, nikawatangazia wenzake kwamba leo nabeba mimi, nikawapa na sababu, pamoja na namba zote mbili.

Gunia la kwanza nilifika nalo nchi kavu. La pili nililiinua, nikageuka, kiuno kikakatika kama uzi, nikakaa chini maji yakanifika kifuani na nisiweze kuinuka.

"Shemeji," Mwanatumu akaniinamia, "iko wapi ile mara tatu na nusu?"

"Usinibebe! Utavunjika!"

"Nyamaza." Akamwita mmoja wa wenzake, "Mejumaa, lete turubai!"

Zahanatini nesi alinipapasa kiuno, akasema ni msuli tu, kisha akasoma karatasi zetu.

"Nani amesema huyu mama ana tatizo? Sufuri ni wastani wa kijana mwenye afya. Kuanzia hasi moja kwenda juu, hiyo ni kawaida. Ukishuka chini ya hapo mifupa imepungua, na ukifika hasi mbili na nusu au chini zaidi ndiyo imedhoofika hasa. Mama yuko sawa. Wewe mzee ndiye uliyekuwa hufai kubeba, na hospitali kubwa uende ukapimwe vizuri."

Mwanatumu alishusha pumzi, akasema alhamdulillahi, halafu, bila kunitazama, akatoka mbio. Kamba nne aliziwahi. Mbili alikuta maji yamezifunika, na bamvua iliyofuata zilikuwa tupu. Hizo mbili ni zangu, sina wa kumsingizia.

Mifupa sasa imo daftarini, alama ya kutoa nimeiandika kwa wino mwekundu, na chini yake nimeandika: Mngoje nesi. Karatasi ya mtu mwingine siisomi tena kabla aliyempima hajaisema, hata ikiwa ya mke wangu. Na nikienda Kibuyuni, Mwanatumu hunipokea kituoni mbele ya watu wote, akanyoosha mkono kuuchukua mkoba wangu.

"Lete, shemeji. Wewe ni hasi mbili."

Nukta moja, namkumbusha, kisha nampa.