Chupa Sita za Machipuko

Vénérand alikuwa mtu wa miaka hamsini na sita, mrefu, mabega yameinama kidogo, na pale Point, mtaa wa bandarini Durban, watu walimjua kwa kitu kimoja tu, nacho ni pua yake. Katika duka la vinywaji la Achille, chini ya jengo jipya linalotazama bandari, hakuna chupa ya mvinyo iliyopanda rafuni kabla Vénérand hajaimimina kwenye glasi, akaizungusha, akaiinamia na kuinusa.

Ujuzi huo aliupata ujanani, alipokuwa akihudumu mezani katika nyumba ya mapadri huko Bukavu. Padri mzee aliyeshika funguo za stoo ya mvinyo alimfundisha kanuni moja: kwanza uliza watu watakula nini, ndipo ukachukue chupa. Alipofika Durban alilinda mageti, kisha akabeba makasha bandarini mpaka mgongo ukamgomea. Kanuni ya padri ndiyo iliyokuja kumwokoa. Achille, kijana wa Lubumbashi aliyekuwa akifungua duka wakati huo, alimsikia akimshauri mama mmoja kuhusu samaki wake na mvinyo wa kumfaa, akamwajiri siku hiyohiyo.

Kila Septemba, baridi ilipopungua na watu wakaanza kula barazani, Achille alitenga meza mlangoni kwa ajili ya chupa sita za machipuko, zote chini ya randi mia. Vénérand ndiye aliyezichagua. Mweupe mkavu wa zabibu za Chenin ulikwenda na samaki wa kuchoma aliyekamuliwa limau. Mweupe mwingine, wenye utamu kwa mbali, ulikwenda na mchuzi wa kamba, kwa sababu pilipili ya Durban huufanya mvinyo mkavu uwe shubiri mdomoni. Mwekundu mwepesi, uliopoozwa nusu saa kwenye friji, ulikwenda na kuku baridi na njegere changa. Aliandika kadi kwa mkono wake, akaeleza chakula kwanza na chupa baadaye, na watu ambao hawakuwa na pesa za kuchezea walimwamini kwa sababu hakuwahi kuwapoteza.

Mwaka huu, mwezi wa saba, alipata mafua makali. Homa iliondoka, kikohozi kikaondoka, lakini harufu hazikurudi. Kahawa ikawa maji ya moto yenye uchungu. Nesi wa kliniki alimmulika puani kwa tochi akasema, "Inaweza kurudi, mzee. Inaweza isirudi. Tusubiri."

Vénérand hakumwambia mtu. Alilijua fika lililokuwa hatarini. Mtu wa kubeba makasha Achille angempata popote, tena mwenye mgongo mzima. Yeye alilipwa kwa ajili ya pua, na bila pua hakuwa na kazi pale.

Mkewe, Colette, aligundua mwenyewe. Alirudi kutoka saluni alikokuwa akisuka nywele, akakuta chumba kimejaa moshi, maharage yamekuwa makaa chunguni, na mumewe ameketi hatua tatu kutoka jikoni akisoma gazeti.

"Papa Gracieuse!" alifoka, akimwita kwa jina la binti yao. "Unataka kutuchoma?"

Vénérand aliinua macho, akauona moshi, akashusha mabega. Ndipo akasema yote.

Colette alikuwa shemasi katika kanisa lao, kanisa lililokataza pombe hata tone. Alikwangua chungu, kisha akauliza, "Zile chupa za Septemba unazichagua lini?"

"Wiki ijayo."

"Zilete hapa. Mimi nitanusa, wewe utaamua."

"Wewe? Shemasi?"

"Mungu alinikataza kunywa. Kunusa hakusema kitu."

Kwa mara ya kwanza tangu mafua yale, Vénérand alicheka.

Basi wakala wa mvinyo alipokuja na sampuli zake, mambo hayakwenda kama miaka mingine. Wakala huyo aliitwa Glody, kijana wa tai nyembamba na maneno mengi. Miaka yote Vénérand alionja palepale kaunta, Achille akitazama. Safari hii alisema angependa kuonja nyumbani, kwa utulivu, pamoja na chakula. Glody akalipakia kasha zima kwenye gari lake na kumpeleka hadi mlangoni. Achille alisimama dukani akilitazama gari likiondoka.

Jumapili mchana, baada ya ibada, Colette alifunga dirisha ili majirani wasione, akaketi mezani na kitambaa chake cha kanisa bado kichwani. Vénérand alimmiminia. Ulimi wake ulikuwa ungali na kazi: ukali, utamu na uchungu aliweza kuvipima. Mengine yote aliyategemea kwa mkewe.

"Hii?"

"Maganda ya limau. Na majani, kama umetoka kukata nyasi."

"Ya samaki. Hii?"

"Eish, hii inanuka dawa ya mbu."

"Weka kando. Hii?"

Waliendelea hivyo, na kazi ilikwenda vizuri kuliko walivyotarajia. Saa kumi walikuwa wamepata chupa tano. Ya sita ilikuwa nyeupe, yenye bei ya chini kuliko zote. Vénérand alipoimimina aliona rangi yake imekoza mno, njano inayokaribia kahawia, ilhali chupa ilikuwa ya mwaka uliopita tu. Alikunja uso. Lakini Colette alikwisha kuinua glasi, na uso wake ukabadilika.

"Papa Gracieuse," alisema polepole. "Hii iko kasiksi."

"Nini?"

"Kasiksi! Ile ya mama yangu kule Walungu, siku ya tatu, wakati wanafunua majani juu ya mtumbwi wa kukamulia ndizi. Ndizi zilizoiva kabisa. Weee!" Alinusa tena, macho yamelowa. Mama yake alifariki akiwa mbali naye, na hakuweza kwenda kumzika. "Miaka kumi na tisa sijasikia harufu hii."

Vénérand aliitazama rangi ile, kisha akamtazama mkewe. Kama angekuwa na pua yake, angejua mara moja. Kasiksi ni pombe ya ndizi, na harufu yake ni tamu kwa kila aliyekulia Kivu. Lakini mvinyo mweupe ukinuka ndizi zilizochachuka, ni mvinyo uliopikwa na jua, pengine ndani ya kontena lililosahauliwa kiangazi kizima. Macho yalimwonya. Moyo ukayanyamazisha. Aliandika kwenye kadi: kwa kamba wa kuchoma na saladi ya matunda.

Meza ilipangwa tarehe ya kwanza. Tarehe sita mama mmoja alirudisha chupa. Tarehe nane zilirudi nne. Kisha akaja mwenye mgahawa wa pale majini, aliyenunua makasha mawili kwa chakula cha mchana cha wanawake thelathini, akaiweka chupa kaunta kwa kishindo. Wageni wake walikuwa wameacha glasi zimejaa, mmoja akauliza kama wamepewa dawa ya kuondoa rangi ya kucha.

Achille alimrudishia pesa zake, akamsindikiza nje na kufunga mlango. Akaenda nyuma, akarudi na vikombe vitatu vya kahawa, ambavyo ndani yake rangi haionekani vizuri, akavipanga mbele ya Vénérand.

"Papa Vénérand, watu wananiambia wewe umezeeka, pua imekufa. Mimi nimekataa. Kimoja hapa ni ile mbaya. Nionyeshe."

Vénérand aliinama juu ya cha kwanza. Hakusikia kitu. Cha pili, hakusikia kitu. Cha tatu, hewa tupu. Alionja kila kimoja, na ulimi ukampa ukali uleule. Angeweza kusema ukweli pale pale. Badala yake alimwomba Mungu, akanyoosha kidole kwenye kikombe cha kati.

Achille alikivuta kikombe hicho upande wake.

"Ndicho," alisema.

Vénérand alishusha pumzi, lakini alipoinua macho hakuona furaha usoni mwa tajiri wake.

"Kumbe pua iko nzima," Achille alisema. "Basi niambie. Mtu mwenye pua kama hii anachaguaje takataka kama ile? Glody alikupa nini?"

"Patron..."

"Kasha zima alikubebea mpaka nyumbani. Niliona. Miaka tisa unaonja mbele yangu, mwaka huu unataka utulivu! Alikupa nini, Papa?"

"Hakunipa kitu. Sisikii harufu, Achille. Tangu mwezi wa saba. Hata sasa nimebahatisha."

"Umebahatisha." Achille alitikisa kichwa. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Ungekuwa umeshindwa, ningekutafutia kiti pale kaunta, uzeeke taratibu. Usinidanganye na hapa pia. Vua aproni."

Kesho yake Colette alikwenda dukani bila kumwambia mumewe. Alivaa sare yake ya ushemasi, akasimama mbele ya wateja, na kukiri kwa sauti kwamba yeye, mtumishi wa kanisa, ndiye aliyenusa chupa zile. Achille alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mke anayemtetea mumewe. Akampa kiti, na maji ya kunywa.

"Hakuamini," Colette alisema aliporudi. Alikaa kitandani bila kuvua viatu. "Nilimweleza habari ya kasiksi. Anasema, mama, harufu ile inaweza kufurahisha nani? Watu wa Lubumbashi hawajui kasiksi."

"Na kanisani?"

"Mke wa mzee wa kanisa alikuwa kwenye foleni. Jumapili nimeitwa na baraza."

Vénérand alipiga magoti mbele yake. Alimfungua mkewe viatu, kimoja baada ya kingine, akaviweka chini ya kitanda.

Jumatatu alikwenda kwenye maegesho ya magari upande wa pili wa Point, ambako Machano, mtu wa Unguja, alikuwa akiajiri walinzi. Machano alimkagua kuanzia viatu hadi mvi.

"Shikamoo, mzee. Kabla ya hapa ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Marahaba. Dukani. Duka la vinywaji."

"Aa! Wanasema kuna mtaalamu mmoja huko, Mkongo, anakuchagulia mvinyo wa bei poa kwa chakula chochote. Unamfahamu?"

Gari lilikuwa likiingia getini, na dereva akashusha kioo kuuliza pa kuegesha.

"Hapana," Vénérand alisema. "Mimi nilikuwa mtu wa kubeba makasha."

Akaichukua fulana ya kijani aliyopewa, akaivaa, akaenda kumwonyesha dereva nafasi.