Kuulizwa Mara ya Tatu

Watu wa Nordby hawali kipande cha mwisho. Jumapili baada ya ibada huteremka kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa kunywa kahawa, na sahani ya keki huzunguka mpaka kibaki kipande kimoja. Hapo ndipo adabu huanza. Wa kwanza hukikata katikati, akachukua nusu. Wa pili huikata ile nusu. Mpaka wanakunja meza, kwenye sahani pamebaki kitu ambacho hata sisimizi angeona haya kukibeba, na kila mtu anarudi kwake na hamu yake. Ukikaribishwa kahawa, sema hapana. Ukikaribishwa tena, sema usijisumbue. Ukikaribishwa mara ya tatu ndipo unasema, haya basi, nusu kikombe. Anayekubali mara ya kwanza husemwa mpaka Krismasi.

Arlys Kvamme alizaliwa katika adabu hiyo na amekulia humo humo. Ni mjane mrefu, mpole, anayefundisha historia katika sekondari ya mji huo mdogo wa Minnesota, ambako theluji ikiondoka yanabaki matope, na matope yakikauka zinapandwa bitiruti nyeupe za kukamuliwa sukari. Kwao "si mbaya" ndiyo sifa ya juu kuliko zote. Siku ya harusi yake, marehemu mumewe alimtazama kutoka utosini mpaka kwenye viatu, akameza mate, akasema, "Si mbaya." Arlys alilia kwa furaha. Mimi nimeishi nao miaka mingi na mpaka leo sijajua ni lini wananipenda.

Basi vuli moja alikuwa akifundisha habari za walowezi. Ukutani mwa darasa lake ilining'inia picha ya shamba la babu wa baba yake, aliyetoka Norwei na sanduku moja la mbao. Kila mwaka Arlys huionyesha picha ile, na kila mwaka husema maneno yale yale: serikali ilimpa ardhi bure, naye akailima kwa mikono yake. Safari hii mkono uliinuka nyuma ya darasa. Alikuwa Kaylen Renville, binti wa Kidakota, wenyeji wa asili wa nchi ile, kutoka ng'ambo ya ziwa, kwenye eneo walilobakishiwa watu wake.

"Mwalimu, hao waliompa babu yako, wao waliipataje?"

Arlys alifungua kitabu, akakifunga.

"Hilo halimo kitabuni, Kaylen."

"Najua halimo. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Binti hakuuliza kwa ujeuri, na hilo ndilo lililomchoma Arlys. Aliulizwa kama mtu anayejua. Kengele ikalia, watoto wakatoka, yeye akabaki ameishika chaki. Jioni ile alikula chakula chake cha viazi na nyama ya kusaga bila kukisikia ladha. Aliona aibu, aibu ya kweli, kwamba amefundisha muda wote huo chini ya ile picha na swali lile halijawahi kumpitia kichwani.

Majira ya baridi yalipoanza alipata habari ya kozi ya kiangazi ya walimu. Wiki nne kwenye chuo kikuu, majimbo mawili upande wa magharibi, chumba na posho juu ya chuo, somo likiwa watu wa nyika na mikataba waliyotiliana saini na serikali, na namna ya kuyafundisha hayo darasani. Lilikuwa swali la Kaylen lenyewe, limepewa ratiba. Binti alikuwa amebakiza mwaka mmoja shuleni, na Arlys naye angestaafu siku ile ile Kaylen atakapovaa joho la kuhitimu. Akienda kiangazi hiki, angerudi na jibu kabla yule mtoto hajaondoka. Asipokwenda, Kaylen angetoka mlangoni mwa shule ile na kile alichoambiwa: halimo kitabuni.

Aliandika maombi, kisha akampa asome Marisela Ontiveros, mwalimu wa Kihispania, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Teksasi kupalilia bitiruti wakasahau kurudi. Marisela alisoma, akavua miwani.

"Dada Arlys, kaa chini."

"Ina makosa?"

"Unasema hapa, 'Huenda nikafaidika kidogo, iwapo hakuna mwingine mwenye haja zaidi yangu.' Hii ni insha ya maombi au rambirambi?"

"Sipendi kujitembeza, Marisela. Chema chajiuza."

"Kinajiuza kikionekana! Wewe umejifunika gunia, halafu unakaa ndani ya gunia unangoja wateja." Alichukua kalamu. "Waambie yule mtoto alikuuliza nini."

"Halafu niseme nilishindwa kujibu? Mwalimu wa historia?"

"Hapo hapo. Hapo ndipo waanze kusoma."

Wakaiandika upya pamoja, ikawa insha yenye damu ndani yake. Lakini Marisela alipogeuka kuvaa koti, Arlys alichomeka mwishoni sentensi moja ndogo: "Nitaelewa kabisa iwapo mtampa mtu mwingine." Ilihitajika pia barua ya mkuu wa shule ya kumpendekeza, na mkuu, kama wakuu wengi, alimwambia aiandike mwenyewe yeye atie sahihi. Arlys aliteseka mwisho wa juma mzima, akaja na mstari mmoja: "Anawahi kazini." Mkuu, naye mtoto wa Nordby, aliusoma mara mbili akauliza kama haujazidi kidogo.

Machi jibu lilikuja. Hakukataliwa, ila hakupata. Aliwekwa kwenye orodha ya akiba. "Si mbaya," alimwambia Marisela, na kwa mara ya kwanza Marisela alisikia jinsi maneno yale yanavyoweza kuuma.

Mwisho wa Aprili, saa ya chakula cha mchana, simu ya Arlys ililia katika chumba cha walimu. Mpigaji alikuwa Bwana Tunstall, mratibu wa kozi, mwenye sauti nzito ya watu wa Jojia, jimbo la kusini.

"Bi Kvamme, mwalimu mmoja amejitoa. Nafasi yake ni yako ukiitaka. Na nikuambie ukweli, ile habari ya binti aliyekuuliza swali haijanitoka."

Moyo wa Arlys uliruka kama wa msichana. Ungeuona usoni mwake. Lakini mdomo ulikuwa na mazoea yake, nao ukafanya ulichofundishwa.

"Aa, jamani, msijisumbue na mimi. Wapo walimu vijana wenye haja zaidi."

Bwana Tunstall alisita. "Una hakika, Bi Kvamme?"

Hiyo ilikuwa ya pili. Arlys alishaanza kutabasamu. "Mimi sina neno, kwa kweli. Mpeni mwingine."

"Basi nakushukuru. Watu wenye moyo kama wako siku hizi ni wachache. Kila la heri."

Simu ikakatika. Arlys aliendelea kuishika sikioni, tabasamu likiwa bado usoni, akingoja. Marisela aliweka uma chini.

"Nani huyo? Wamesema nini?"

"Bwana Tunstall wa kozi, yule wa Jojia. Wamenipa nafasi."

"Asante Mungu! Na wewe umesema nini?"

"Nimesema hapana."

"Umesema nini?"

"Lakini ilikuwa ya pili tu," Arlys alisema. "Ameuliza mara mbili tu, Marisela. Hakurudi."

Marisela alimkodolea macho kama anayemwona mtu akizama kwenye beseni. "Mwanamke wewe! Yule ni mtu wa Jojia! Unadhani ataanza kukubembeleza kama shangazi yako kanisani? Mpigie! Sasa hivi, kabla sijaipiga mimi nikakuaibisha."

Simu ilikuwa inatumika. Alipopiga tena, ilikuwa bado inatumika. Ilipopokelewa hatimaye, Arlys alisimama wima, akakamata ukingo wa meza, akasema neno ambalo hakumbuki kama aliwahi kulisema kwa mtu yeyote, mumewe akiwemo.

"Naitaka. Naitaka ile nafasi. Niliitaka tangu mwanzo."

Yule bwana akashusha pumzi.

"Bi Kvamme, mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasema."

"Nimetoka kumpigia aliyekufuata kwenye orodha. Mwalimu wa Ohio. Amekubali kabla sijamaliza sentensi." Aliongeza kwa upole kwamba amesikitika sana, na ilisikika kuwa amesikitika kweli. Majuto ni mjukuu, na huyu wa Arlys hakuchelewa kuzaliwa. Alikwenda chooni akajifungia, akalia kimya kimya ili asimsumbue mtu.

Siku chache alitembea kama aliyefiwa. Usiku mmoja aliwaza kunyamaza tu. Kaylen hakujua lolote kuhusu kozi, na swali la vuli mtoto angeweza kuwa amelisahau. Ila Arlys alijua hajalisahau. Kwa hiyo Ijumaa, darasa lilipotoka, alimwita.

"Lile swali lako la babu yangu. Nilitaka kwenda kulitafutia jibu kiangazi hiki, kwenye kozi ya walimu. Sitakwenda. Nilipewa nafasi nikaikataa."

"Uliikataa kwa nini?"

Arlys alimweleza yote, mpaka ile ya pili na ile ya tatu isiyokuja. Kaylen alijitahidi kubana kicheko, akashindwa, akajifunika uso kwa daftari.

"Samahani, Mwalimu. Lakini nyinyi watu wa Nordby!" Kisha akaacha kucheka. "Ile kozi ya mikataba? Ya huko magharibi? Shangazi Darlene ndiye anakwenda kuwafundisha hao. Wiki ya pili yote ni yake."

"Shangazi yako?"

"Si anafundisha chuoni kwetu, ng'ambo ya ziwa. Unapita mlangoni kwetu kila ukienda kununua mboji." Binti alimtazama. "Unataka nimwambie uje Jumamosi?"

"Aa, msijisumbue na..."

Alijisikia mwenyewe. Maneno yalikuwa yameshatoka nusu, ikabidi ayameze kama mtu anayemeza mwiba.

"Nakuja," alisema. "Mwambie nakuja."

Darlene Renville alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi, na sauti ya mtu aliyezoea ukumbi wenye wanafunzi mia. Alipakua supu ya mahindi na nyama, akaweka mezani mikate ya kukaanga, akauliza mara moja tu, "Utakula?" Arlys akasema atakula, akala. Waliongea habari za barafu iliyochelewa kuvunjika ziwani. Kaylen aliwaangalia huku na huku kama mtu anayetazama mchezo ambao bado haujaanza.

"Kaylen kaniambia uliikataa kozi kwa adabu," Darlene alisema mwishowe, akicheka.

"Kwetu hapana ya kwanza si hapana," Arlys alisema. "Wala ya pili. Mtu anapaswa kujua kuuliza tena."

Darlene aliacha kucheka. Hakukasirika, ila aliweka upawa chini taratibu.

"Hilo tunalijua. Tulilijua kabla babu yako hajafika. Wakubwa wa serikali walikuja na karatasi, wazee wetu wakasema hapana. Wakaulizwa tena, wakasema hapana. Mara ya tatu waliulizwa huku watoto wana njaa, na duka la chakula liko mikononi mwa muulizaji, na askari wamesimama nje. Wakaweka alama kwenye karatasi. Nyinyi mkaandika kwamba tumekubali." Alisogeza bakuli la Arlys karibu na lake. "Wewe, Mwalimu, ulisema hapana usiyoimaanisha, wakaiheshimu siku hiyo hiyo."

Kwao Nordby, aibu ikimshika mtu huomba radhi haraka haraka, ili mambo yaishe na kahawa imiminwe. Arlys aliihisi radhi ikimjia kooni, akaizuia, kwa sababu aliona kwamba ingekuwa ya kujiponya yeye. Alikaa nayo ile aibu. Halafu akamwomba Darlene aanze mwanzo, na Darlene akaanza, na mpaka jua linazama Kaylen alikuwa amelala kwenye kochi na wao bado wako mezani. Jumamosi iliyofuata alirudi, na nyingine pia, mpaka Darlene aliposafiri kwenda kuwafundisha wale waliokwenda mbali kumsikia.

Alipokuwa akiaga mara ya mwisho, Arlys alisimama mlangoni.

"Shule ikifungua, utakuja darasani kwangu uwaambie watoto haya?"

"Hapana," Darlene alisema. "Mimi nimekuambia wewe. Wewe ndiye mwalimu wao."

Arlys alifungua mdomo aulize tena, kama adabu ya kwao inavyodai. Akaufunga.

"Sawa," alisema.

Septemba, siku ya kwanza ya masomo, Arlys Kvamme alisimama chini ya ile picha ya shamba. Wale aliowafundisha mwaka uliopita walikuwa mbele yake, wamekuwa warefu kidogo, na Kaylen alikuwa nyuma, mahali pale pale. Mwalimu aliweka mikono juu ya meza.

"Mwaka jana Kaylen aliniuliza babu yangu alipewa ardhi hii na nani, na hao waliipataje," alisema. "Sikumjibu. Leo nataka kumjibu."

Hakusema "kidogo," wala hakusema "kama hamtajali." Akaanza.