Askari Kumi na Mmoja Wasio na Vichwa

Ni mimi niliyewakata vichwa. Kwa miaka kumi na tisa nimesema ni wifi yangu. Nimesema mezani, nimesema msibani, na mara moja nilimwambia mwenyewe usoni, huku nikimtazama katikati ya nyusi kwa sababu macho yake yalinishinda.

Askari wenyewe walikuwa wa plastiki, wafupi kuliko kidole changu cha mwisho. Walikuwa wakipigana vita vya Waterloo juu ya ubao uliotawala meza yetu ya chakula, katika flati ya kupanga huko Kilburn. Nilisoma historia chuo kikuu, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kuipa shahada yangu. Vilima nilivichonga kwa ile plastiki nyeupe inayokuja na televisheni mpya. Matope yalikuwa machicha ya kahawa. Mwezi uliofuata ubao ungewekwa katika maonyesho ya maktaba ya mtaa, na klabu yetu ya askari wa plastiki, wazee tisa wa Kiingereza pamoja nami, ilikuwa imenipa meza iliyo karibu na choo.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja kutoka Unguja kwa wiki mbili. Sasa ulikuwa mwezi wake wa tano kwetu. Alilala sebuleni, ulipokuwa ubao, na kila akitaka kuswali aliufunika kwa khanga. Khanga ikinyanyuliwa huondoka na panga mbili tatu za wapanda farasi wangu.

"Malaika hawaingii nyumba yenye masanamu," aliniambia.

"Ndiyo maana umeingia wewe, wifi."

"Ungeyakata vichwa lingekuwa jambo jengine. Sanamu lisilo na kichwa ni sawa na gogo. Lakini hilo hukufundishwa huko kwenye vitabu vyako."

Wazo alinipa mwenyewe.

Nilikwishamwomba mume wangu mara tatu amtafutie dada yake pengine pa kukaa. Dada huyo ndiye aliyemlea. "Ana kosa gani?" aliniuliza kila mara, na kila mara sikuwa na jibu zaidi ya kwamba nimechoka kumwona. Nikaelewa kuwa kosa linahitajika. Asubuhi moja, wifi akiwa bafuni, nilichukua kikata kucha nikawakata kumi na mmoja. Ningependa kusema niliwachagua kwa uchungu. Niliwachagua wale ambao makoti yao nilikuwa nimeyakosea rangi. Vichwa niliviweka katika kisahani karibu na msala wake, kisha nikaenda zangu kazini.

Jioni mume wangu alisimama mbele ya ubao bila hata kuvua koti.

"Dada, ni wewe uliyefanya haya?"

Wifi alivaa miwani, akainama, akawahesabu kwa kidole.

"Mimi ningewakata wote," alisema. "Nikate kumi na mmoja niwaache mia tatu? Sala yangu itanifaa nini?"

Ilikuwa hoja safi. Mwanafunzi wa chuo angeiandika, angepewa alama ya juu. Mume wangu hakuisikia, au hakutaka kuisikia. Nadhani naye alikuwa amechoka kungojea bafu.

Wifi akanigeukia. "Mwambie mumeo, msomi. Nani amekata?"

"Sijui. Nilikuwa kazini."

"Ulikuwa kazini." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Haya."

Mume wangu akampigia simu kaka yao aliyekuwa akikaa Tooting, upande wa pili wa jiji, mtu mwenye vyumba vitatu na visingizio visivyohesabika. Alizungumza pale pale, dada yake akiwa hatua moja kutoka kwake, akisikiliza anavyogawanywa.

"Kaka, hapa hapakaliki tena. Ameharibu kazi ya mke wangu. Vichwa. Hapana, vya plastiki. Kaka, sicheki." Alisikiliza muda mrefu. Kisha akaifunika simu kwa kiganja na kunitazama mimi, si dada yake. "Anauliza, una hakika ni yeye?"

Wifi pia alikuwa akinitazama, mikono yake juu ya mapaja, wala hakutikisa kichwa.

"Nina hakika," nilisema.

Akaondoa kiganja. "Jumapili basi, baada ya adhuhuri," alimwambia kaka yake. "Njoo na gari. Ana masanduku mawili."