Dari ya Kanisa Letu

Jumamosi iliyopita niliingia katika kanisa letu la Kilutheri, hapa Kisangani, kutazama dari mpya. Kanisa hilo lilijengwa na wazee waliotoka Isangi, wakainua paa juu sana ili nyimbo zisikike mbali. Sasa injinia mmoja, muumini mwenzetu, alikuwa ameweka dari ya mbao kupunguza joto. Mbao zilipigiliwa vizuri kabisa.

Kwaya ilianza mazoezi. Mama anayeiongoza akainua mkono, wakanyamaza.

"Papa injinia, plafon yako iko muzuri," alisema kwa upole. "Lakini sauti inakufa hapa, haifike nyuma."

Injinia hakubisha. Alikwenda kuketi benchi la mwisho, akafumba macho.

"Bon, mama, muimbe tena."

Wakaimba ubeti mzima. Alipofumbua macho alivua koti, akapanda ngazi, akaanza kung'oa mwenyewe mbao zilizokuwa juu ya kwaya.

Nimezoea mainjinia wanaotetea kazi yao hata ukuta ukianguka. Huyu aliivunja yake bila kununa. Jumapili waumini walitoka jasho, lakini mimi niliyechelewa nilisikia sauti za besi nikiwa bado nje, nafunga baiskeli.