Kufuli Juu ya Swichi ya Feni

Wiki iliyopita nilikuwa mteja wa mwisho kwenye duka moja la vitambaa hapa Mpanda mjini. Mzee mwenye duka akatafuta kufuli la mlango. Mkewe akanyoosha kidole: kalitundika juu ya swichi ya feni.

"Kila jioni unafunga duka, feni zinapepea majora mpaka asubuhi. Leo hulichukui bila kuzima."

Mzee akaguna, akazima.

Asubuhi nikarudi kuchukua kitambaa changu. Mita ya LUKU, iliyozoea kuwapokea kwa mlio wa kuonya kuwa umeme unaisha, ilikuwa kimya.

"Unasikia nini?" mama akamuuliza mumewe.

"Sisikii kitu."

"Ndicho hicho!" Vigelegele vyake vikamleta jirani kuuliza nani kaolewa.

Jana nilitundika ufunguo wa ofisi yetu juu ya swichi ya feni. Bosi akautafuta huku anafoka. Alipoupata, akazima.